Iringa mpaka Ziwa Nyasa kwa basi: nataka kufuata ufukwe kijiji kwa kijiji, magari yapo?

Mwalimu wa Kilolo

Habari za jioni wakuu. Nafundisha sekondari huku Kilolo, Iringa. Likizo ya Juni nina siku kumi, begi moja la mgongoni na hela ya kubana. Bahari ya Hindi nimeshaiona, nimelala Bagamoyo, nimevuka kivuko Kigamboni. Ziwa Nyasa sijawahi kuliona hata kwa mbali, na aibu yangu ni kwamba lipo upande huu huu wetu wa nyanda za juu.

Kilichonisukuma ni chungu. Mama yangu ana chungu cha maharage alichonunua sokoni Iringa mjini kabla mimi sijazaliwa. Chembamba, mpaka wageni wanakigonga kwa ukucha kusikia kinavyolia. Siku zote anakiita chungu cha Kyela. Mwezi uliopita mwalimu mwenzangu mzaliwa wa huko akacheka, akaniambia Kyela ni pale kinapopakiwa gari tu, wanaokifinyanga ni akina mama wa Kikisi huko ufukweni. Tangu siku hiyo sina amani.

Mpango wangu: basi Iringa hadi Mbeya, nishuke Kyela, niende Matema. Kutoka hapo nishikane na ufukwe kuelekea kusini kwa vigari vidogo, nalala kijiji hiki, kesho kile, ziwa likiwa mkono wangu wa kulia, mpaka Mbamba Bay. Kisha nirudi kwa Songea na Njombe. Kwenye ramani ya simu naona ni mstari mmoja tu. Magari ya huko yanapatikana kila siku? Na nibebe sweta au niliache?

---

Mama Dagaa

Marahaba mwalimu, ingawa hujanisalimia.

Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa, naishi Makambako. Mwaka wa kumi na nne huu napanda na kushuka Kyela na magunia yangu, kwa hiyo nitakachokuambia sikukisoma popote. Huo mstari wako haupo. Ukifika Matema, barabara ya mabasi imekwisha. Sisemi imeharibika, imekwisha! Safu ya milima ya Livingstone inatelemka na kuchovya miguu majini. Vijiji vipo mbele, lakini vimejishikiza kwenye makorongo kama viota, na wenyewe wanatembeleana kwa mitumbwi au kwa njia za miguu ambazo hata mbuzi anafikiria kwanza. Ziwa lenyewe lina tabia hiyo hiyo, kuna mahali linazama mpaka mita 700.

Kwa hiyo basi litakupa ncha mbili, ya Matema na ya Mbamba Bay. Katikati utapewa na meli. Ukilikubali hilo mapema utasafiri kwa raha. Ukilikataa utakaa Matema siku tatu unauliza vijana wa bodaboda maswali ambayo watakujibu "ipo njia boss" ili mradi upande.

Sasa njia. Ukitoka Iringa usiende mpaka Mbeya mjini, utakuwa unarudi nyuma bure. Shuka Uyole, pale njia panda. Kosta za Tukuyu na Kyela zinaanzia Nane Nane zikipita hapo. Ikija imejaa, iache. Konda atakuwekea kigoda katikati ya siti na kukuita "mzee wa kazi", na mpaka Tukuyu ni kama kilomita 60 za kona, mgongo wako utanikumbuka. Subiri inayofuata ukae dirishani, upande wa kushoto. Huko ndiko uliko Mlima Rungwe, mita 2,960, na asubuhi ya Juni wingu likiwa halijakaa utauona mzima. Nauli mlipe konda ndani ya gari. Anayekukatia tiketi kwenye kiganja nje ya gari hana gari.

Sweta beba, tena zito. Isongole Juni hii watu wanauza viazi wakiwa wamejifunga mablanketi. Kiwira unaanza kuona migomba, Tukuyu ni chai hadi macho yanachoka, halafu barabara inaanza kuporomoka na wewe unaanza kuvua. Kyela ni mpunga na kakao na jasho. Asubuhi moja tu, umetoka kwenye blanketi mpaka kwenye feni. Watu wengi wanaugua mafua hapo wakidhani ni malaria. Na malaria yenyewe ipo, ulalie chandarua.

Jambo la Kiwira nalisema peke yake kwa sababu limewahi kumlaza mpwa wangu stendi. Kiwira ni mji mdogo barabarani kabla ya Tukuyu. Kiwira pia ni mgodi wa makaa ya mawe. Kiwira pia ni bandari, huko chini Kyela, na wote wamechukua jina la mto mmoja. Yeye alimwambia konda "nishushe Kiwira, nawahi meli". Konda akamshusha Kiwira ya migomba, saa kumi na mbili jioni, mvua inanyesha. Wewe sema "bandari ya Kiwira, Kyela", maneno yote.

Meli ya abiria ni MV Mbeya II, inabeba watu 200 na tani 200 za mizigo. Usimuulize mtu ratiba. Mwenye gesti atakuambia Alhamisi, muuza chipsi atakuambia Jumatatu, na wote watakuangalia usoni bila wasiwasi. Nenda ofisi ya bandari, uliza, chukua namba yao ya simu, piga tena siku moja kabla. Na hii ndiyo sababu nasema uanzie huku na si Songea: kusi ikichafuka na chombo kisiondoke, upo Kyela, kosta zinatoka kutwa, unarudi nyumbani kwako. Ukianzia kule halafu ukwame Mbamba Bay, una safari yote ya Mbinga, Songea, Njombe kuirudia, na likizo imekwisha.

Hela toa kwa wakala ukiwa bado Kyela. Ukifika Matema utakuta wakala yupo, pesa hana.

---

Kijana wa Ipinda

Ticha karibu nyumbani. Mama kasema yote ila kaipita Ipinda kama vile hatupo 😂

Ukiwa Tukuyu una njia mbili za Matema. Ya kwanza unashuka mpaka Kyela kwa lami kisha unageukia Ipinda. Ya pili unakatisha Tukuyu, Masoko, Ipinda. Magari ya huku ni machache, nenda stendi asubuhi. Ila hii ya pili ndiyo utakayokuja kuisimulia. Unapita Ziwa Kisiba pale Masoko, ziwa la kreta, duara kama limechongwa, na pembeni lipo boma la zamani la Wajerumani. Wazee wetu wanasema Wajerumani walipoona vita vimewashinda walimwaga hela zao humo ziwani. Mimi nimepiga mbizi tangu utoto, nimepata matope.

Lingine, fika Matema Ijumaa. Jumamosi ni mnada wa vyungu pale Lyulilo, mbele kidogo ya Matema, unatembea kwa miguu kando ya maji. Ukifika Jumapili utakuta nyasi tu walizofungia vyungu.

Na usiogelee karibu na Mto Lufilyo unapoingia ziwani. Mamba wapo. Ogelea kule kwenye kokoto na mawe upande wa mlimani, maji unaona vidole vyako na visamaki vya bluu vinakuja kukutazama.

---

Mwalimu wa Kilolo

Shikamoo mama, naomba radhi kwa mwanzo ule. Kijana, ndaga fijo (yaani asante sana kwa Kinyakyusa, hilo ndilo neno pekee nililofundishwa).

Nimefungua tena ramani nikaivuta karibu. Kweli, kuna sehemu mistari ya mwinuko imebanana mpaka inaonekana kama doa la wino. Nimesikitika kidogo kwa sababu kufuata ufukwe kwa gari ndiyo ilikuwa ndoto yenyewe. Je, hakuna hata kipande? Na kwa vyungu, nikinunua kimoja Jumamosi, nitakifikishaje Iringa kwa kuzungukia Songea?

---

Mmatengo wa Mbinga

Mwalimu, kipande kipo, ila si huko wanakokutangazia ndugu zangu wa Kyela. Kipo huku kwetu.

Mama Dagaa ana haki kuhusu Matema mpaka kule Lupingu, hapo ni jabali na maji. Lakini milima ikishafika usawa wa Manda inaanza kurudi nyuma na kuacha nafasi. Pale Mto Ruhuhu unapoingia ziwani zamani ilikuwa kivuko na sala, siku hizi kuna daraja. Ukishavuka unaingia Lituhi, na kutoka Lituhi kuna barabara inayoshuka mpaka Liuli na Mbamba Bay karibu na ziwa. Ni ya vumbi, ina mabonde, magari ni ya kuvizia asubuhi, mengine ni lori au bodaboda. Lakini ziwa lipo hapo, unapita miembe, mihogo iliyoanikwa juu ya mawe, nyavu zimetandazwa uwanjani kama shuka.

Ushauri wangu: shuka na meli mpaka Mbamba Bay, weka kambi hapo, kisha panda kurudi Liuli kwa gari. Liuli kuna jiwe kubwa linaitwa Pomonda, limejitokeza majini. Zamani watu walikuwa wanajificha humo wakikimbia vita vya Wangoni. Wajerumani walipolitazama waliona mnyama wa Misri mwenye kichwa cha mtu, wakapaita mahali hapo Sphinxhafen. Agosti 1914 meli yao Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu hapo Liuli ikitengenezwa, Waingereza wakaja na Gwendolen yao kutoka ng'ambo wakaipiga mizinga. Inasemekana nahodha wa Kijerumani alikuwa hajapata hata habari kwamba vita vimeanza. Walikuwa marafiki wa kunywa pamoja, hao manahodha wawili.

Kutoka Mbamba Bay kuja Mbinga ni lami, kilomita 66 hivi, inapanda kona kwa kona. Hapo usilale kwenye gari. Kila kona ukigeuka nyuma unaliona ziwa limekuwa dogo zaidi, na mbele unaanza kuona mashamba yetu ya ngolo, vishimo mlima mzima kama sega la nyuki. Tunalima hivyo ili mvua isibebe udongo.

---

Mama Dagaa

Mmatengo nimekukubalia, huko Liuli sijafika, dagaa wangu hawatoki huko. Lakini usimpeleke mwalimu wa watu kwenye lori halafu useme "kipande kipo". Mwambie pia kwamba gari la kuvizia asubuhi ukilikosa, unalivizia kesho.

Chungu: kinunue kwa mwenyewe, mama aliyekuja nacho kutoka Ikombe, palepale kinaposhushwa mtumbwini. Usinunue juu kule barabarani kwa vijana. Wale wananunua kwa mama zao asubuhi na kukuuzia wewe saa nne. Mwombe akifunge kwa nyasi, anajua. Kwenye basi kisiingie buti, wala kisipande juu ya keria. Kaa nacho mapajani kama mtoto. Utachekwa, vumilia. Mimi nimeona vyungu kumi na viwili vimepakiwa buti Uyole vikafika Makambako vigae vitupu, na mwenye gari akasema "havikuwa vizima tangu mwanzo".

---

Mwalimu wa Kilolo

Wakuu nimerudi. Siku kumi zimekuwa kumi na moja, mkuu wa shule ameniangalia tu.

Nianze na hili: nilishuka Uyole, nikakataa kosta mbili, nikapata dirisha la kushoto. Rungwe sikuuona. Ukungu mtupu mpaka Kiwira ya migomba. Ila Mama Dagaa, sweta lako nililivaa na koti juu, na nikitazama mwanamke mmoja Isongole kaketi kwenye baridi ile na rundo la kabichi, mgongoni mtoto kalala fofofo, nikaona haya kutetemeka.

Nilipita Masoko kama kijana alivyosema. Nilisubiri gari kuanzia saa moja asubuhi, likajaa saa nne. Ziwa Kisiba nililiona dakika tano, dereva alisimama kushusha mtu na mifuko ya saruji. Limetulia vibaya, maji ya kijani iliyoiva. Hakuna sauti. Nilitamani kushuka nikaogopa kulikosa gari. Hilo ndilo jambo pekee la safari nzima ninalolijutia.

Matema sasa. Nilifika Ijumaa alasiri, jua liko upande wa Malawi, na ile milima upande wa kushoto imesimama wima kutoka majini, rangi ya zambarau juu, nyeusi chini. Mimi ni mtoto wa milimani, lakini milima yetu ya Kilolo inakaa chini, inajilaza. Ile imesimama. Nikaelewa kwa nini basi limeishia pale, na sikusikitika tena. Jioni nilikula mbasa wa kuchoma na wali wa Kyela kwa mama mmoja mwenye meza mbili chini ya mwembe. Nikamuuliza kwa nini wali wake unanukia hivi na ule wa Iringa, tunaoambiwa ni wa Kyela, haunukii. Akasema, "Huo wenu umepita Kyela kulala tu." Nikakumbuka chungu.

Jumamosi Lyulilo. Mitumbwi inakuja imejaa vyungu mpaka mpiga kasia haonekani, unaona kofia tu na rundo la udongo linatembea juu ya maji. Wanaume wanapokea, akina mama wanapanga ufukweni kwa saizi, vidogo vya mboga ndani ya vikubwa vya maji. Kelele, nyasi kila mahali, lori limepaki linasubiri. Na mimi nilikuwa na ushauri wote kichwani. Nikanunua.

Bandarini waliniambia siku na saa, nikapiga simu tena siku moja kabla, na kweli tukaondoka siku hiyo. Juni kusi inavuma jamani. Mchana nilikuwa nimesimama ukingoni napiga picha kama mtalii, usiku nilikuwa nimelala sakafuni nimekumbatia chungu, tumbo halijui liko wapi. Bibi mmoja anayerudi Manda alinipa limao ninuse. Nusu usiku nikaamka, tumesimama mahali, giza totoro, halafu taa ndogo ndogo zikaanza kuja kutoka nchi kavu. Mitumbwi inaleta abiria na kuku. Hakuna gati, hakuna barabara, mlima tu juu yao umeziba nyota. Mtu anapokelewa mtoto kwanza, kisha mzigo, kisha yeye. Nikakaa pale ukingoni mpaka tunaondoka. Niliuliza kijiji kinaitwaje, nikajibiwa, na upepo ukalichukua jina.

Mbamba Bay niliacha chungu gesti kwa mama mwenye nyumba, nikaenda Liuli kwa bodaboda. Mmatengo, kile kipande ni kweli. Saa nzima na zaidi ya vumbi, ziwa linaingia na kutoka kati ya miti, upande wa kulia kama nilivyoota. Hapana, wa kushoto! Nilikuwa napanda kaskazini. Ndoto ilikuwa imegeuzwa. Pomonda nimelizunguka na mvuvi kwa mtumbwi, kuna mapango humo ya kuingia mtu na familia. Lituhi sikufika. Gari la asubuhi nililikosa, na kama mama alivyosema, lililofuata ni la kesho.

Kurudi sitaeleza sana. Mbinga, Songea, Makambako, Iringa, chungu mapajani njia nzima. Njombe kulikuwa na baridi ya kung'ata masikio, abiria wa pembeni akaniuliza kama ndani kuna majivu ya marehemu.

Nimemkabidhi mama yangu juzi. Kakigeuza, kakigonga kwa ukucha, kasikiliza. Kakigonga tena. Akaniuliza bei. Nikamtajia. Akakaa kimya, kisha akasema, "Cha kwangu nilipewa na kikapu cha viazi juu, na kililetwa Iringa."

---

Mama Dagaa

Karibu tena mwalimu, nimefurahi. Lile limao la bibi kariri, mimi sisafiri bila limao.

Sasa niambie ukweli. Chungu ulinunua kwa nani?

---

Mwalimu wa Kilolo

Mama, kulikuwa na msongamano pale mitumbwini. Kuna kijana mmoja alinisaidia kubeba begi, akaniambia ni cha mama yake.

---

Mama Dagaa

Alivaa kofia ya bluu?

---

Mwalimu wa Kilolo

…Ndiyo.

---

Kijana wa Ipinda

😂😂😂 Ticha, yule ni wa kwetu Ipinda. Mama yake anauza vitumbua.

---

Mama Dagaa

Basi msalimie mama yako sana, mwambie sikio lake lina haki kuhusu bei. Chungu chenyewe ni cha kweli, kile kijana hafinyangi lakini hauzi bandia. Asikitie maharage siku ya kwanza. Akijaze maji na pumba, akichemshe taratibu kwa kuni, akiache kipoe chenyewe usiku kucha. Akikiwahi kwa maji ya baridi kitapasuka, halafu utarudishwa Lyulilo, na safari hii atataka kwenda na wewe.